Kidonge cha kichocho: nusu inaua mnyoo, nusu ni uchungu mtupu

Siku ya vidonge skulini kwetu Pemba ilijulikana kabla mwalimu hajafungua mdomo. Jana yake tumeshaambiwa kila mtu ale kwao kwanza, asije na tumbo tupu, na asubuhi kwenye kona ya darasa pameegemezwa kijiti kirefu chenye alama za rangi. Ukiitwa unakwenda kusimama, unakiegemea kile kijiti, mwalimu anatazama utosi wako umefika alama gani kisha anakuhesabia: kimoja na nusu, viwili, viwili na nusu. Vidonge vyenyewe vilikuwa vyeupe, virefu, vikubwa mno kwa koo la mtoto wa miaka tisa. Mimi nilikuwa sijui kumeza, nikatafuna. Uchungu ule sijauonja tena kwenye kitu chochote, si mwarobaini wala shubiri. Jirani yangu alikificha cha pili shavuni, akaomba ruhusa ya kwenda nje, akakitema nyuma ya mwembe.

Dawa ile inaitwa prazikwanteli. Miaka mingi baadaye, nikiwa nasoma kemia, ndipo nilipojua kwamba nusu ya kila kidonge nilichotafuna siku ile ilikuwa haina kazi yoyote kwa mnyoo, na kwamba sehemu kubwa ya uchungu ilitokana na nusu hiyo hiyo isiyo na kazi. Nikajua pia jambo lililonishangaza zaidi: wakati sisi tunapangwa mstari, hakuna mtu duniani aliyekuwa akijua dawa ile inamgusa mnyoo wapi. Ilikuwa inafanya kazi, basi. Jibu limepatikana mwaka 2019, na kwa visiwa ambavyo vimemeza dawa moja kwa zaidi ya kizazi kimoja, jibu hilo lina uzito ambao nataka niueleze taratibu.

Tuanze na mnyoo mwenyewe, maana dawa haieleweki bila yeye.

Kichocho cha visiwa vyetu ni cha mkojo, na mnyoo wake ni Schistosoma haematobium. Kule Bara, hasa kandokando ya Ziwa Viktoria, yupo nduguye, Schistosoma mansoni, anayeshambulia utumbo na ini. Wa kwetu anakaa kwenye mishipa ya damu inayozunguka kibofu. Ili afike huko lazima kwanza apitie kwa konokono wa maji matamu, Bulinus globosus, na si konokono mwingine. Kusini mwa Unguja anaishi konokono anayefanana naye sana, Bulinus nasutus, lakini huyo hambebi mnyoo wetu; ndiyo maana kichocho Unguja kimekuwa ugonjwa wa kaskazini na kati, wakati Pemba, yenye mabonde na vijito kila upande, kimetapakaa zaidi.

Konokono aliyeambukizwa anatoa majini vijidudu vidogo mno vyenye mkia wa panda, wengi wao jua likiwa limepanda, saa ambazo kina mama wanafua na watoto wanakoga. Kijidudu kikigusa ngozi kinapenya kwa dakika chache, kinaacha mkia nje, kinaingia kwenye damu, kinapita mapafuni, kinakulia kwenye ini. Huko dume na jike wanaoana, na ndoa yao ni ya ajabu: dume amejikunja pande mbili kama hori la mbuzi, na jike, mwembamba na mrefu zaidi, amelala ndani ya hori lile. Wakishuka hivyo pamoja hadi kwenye mishipa ya kibofu wanaweza kukaa miaka 3 hadi 5, wengine zaidi sana, na kila siku jike anataga mayai kwa makumi na hata mamia.

Mayai ndiyo ugonjwa wenyewe. Watu wengi wanadhani mnyoo anatafuna kibofu, lakini mnyoo mkubwa hana fujo kubwa. Yumo ndani ya mshipa anakula damu kidogo, ametulia. Yai ndilo lenye mwiba. Niliwahi kuwekwa mbele ya darubini, mkojo mililita 10 umesukumwa kupitia kichujio chembamba na kichujio kikalazwa kwenye kioo, na nikaliona: umbo la mviringo lililorefuka, limebana mwisho mmoja kwa ncha kali kama kipini cha pua. Mtaalamu akadondosha maji ya kawaida juu yake, tukangoja. Baada ya muda kitu kikaanza kutetemeka mle ndani, kisha ganda likafunguka na kijidudu chenye vinyweleo kikatoka mbio kikizunguka, kikitafuta konokono ambaye hakuwepo.

Yale yanayotoka na mkojo yamefuata njia yao. Tatizo ni mengine mengi, karibu nusu, yanayonasa kwenye nyama ya kibofu yasitoke. Kinga ya mwili inayaona, inatuma chembechembe nyeupe, zinalizunguka kila yai na kulijengea ukuta. Ukuta mmoja si kitu. Kuta elfu kwa miaka kumi zinakuwa kovu, kibofu kinakuwa kigumu, mkojo unarudi nyuma na kutanua figo, na kwa baadhi ya watu wazima linakuja jambo kubwa zaidi, saratani ya kibofu. Kwa wanawake mayai yananasa pia kwenye shingo ya kizazi na uke, yanaleta maumivu, kutokwa na damu na hata ugumba, na mara nyingi mama wa watu anatibiwa kama mwenye ugonjwa wa zinaa huku akinyamaza kwa aibu. Hilo linanikera kuliko yote katika habari ya kichocho, kwa sababu ni maumivu yaliyoanzia kwenye ndoo ya maji.

Sasa jiulize: mnyoo mwenye urefu wa sentimita 1 hadi 2 anaishije miaka ndani ya damu, mahali penye askari wa kinga wengi kuliko pengine popote mwilini, na hawamgusi? Siri yake ni ngozi. Nje kabisa amejifunika utando wa mafuta wa tabaka nyingi ambao anaufanya upya kila mara, na juu ya utando huo anabandika vipande vya protini na sukari alivyookota kwenye damu yetu wenyewe. Kinga ikimkagua inaona nguo zetu. Kwa hiyo dawa ya kumuua ina kazi mbili: imuumize, na imvue.

Dawa za mwanzo zilifanya hivyo kwa ukatili. Mwaka 1918 daktari J. B. Christopherson aliyekuwa Khartoum alieleza matibabu ya sindano za chumvi ya antimoni ndani ya mshipa. Antimoni ni sumu jamaa wa aseniki. Mgonjwa alidungwa mara nyingi kwa wiki kadhaa, akitapika na moyo ukimuenda mbio, na kipimo cha kumuua mnyoo hakikuwa mbali sana na kipimo cha kumuumiza mtu. Misri iliitumia kwa mamilioni ya watu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, na sindano zilizochemshwa vibaya na kurudiwa zikaeneza homa ya ini aina ya C katika nchi nzima. Namna ya kutibu ikazaa ugonjwa mwingine. Kila nikisikia mtu analalamika kwamba kidonge ni kichungu, nakumbuka Misri.

Prazikwanteli ilitoka mahali pasipotarajiwa. Katika miaka ya 1970 kampuni ya Merck ya Darmstadt, Ujerumani, ilikuwa na kundi la molekuli ilizoziunda ikitafuta dawa za kutuliza akili. Hazikutuliza vya kutosha. Zikapelekwa kwa wenzao wa Bayer waliokuwa wakipima kila kitu juu ya minyoo ya wanyama, na mojawapo ikaonyesha nguvu ambayo hakuna aliyeitazamia. Ikafika kwa binadamu mwishoni mwa muongo ule, na miaka ya 1980 ikawa imeshaanza kugawiwa Pemba. Dozi moja, siku moja, kwa mdomo, bila sindano. Aliyezoea kusikia habari za antimoni angeiona kama rehema.

Hapa ndipo tunapofika kwenye nusu isiyo na kazi.

Umewahi kutoka msikitini baada ya Ijumaa ukakuta umebakishiwa ndara mbili, zote za kushoto? Ni za saizi yako, plastiki ile ile, mkanda ule ule, na mguu wa kulia haukai. Ndara ya kushoto na ya kulia zina kila kitu sawa isipokuwa upande. Moja ni sura ya mwenzake kwenye kioo, na hata uigeuze vipi haiwi nyingine. Molekuli nyingi zina tabia hiyo. Atomi ya kaboni inashika vitu vinne. Vikiwa vinne tofauti, vinaweza kupangwa kwa namna mbili ambazo ni kioo cha mwenzake. Prazikwanteli ina kaboni moja ya namna hiyo. Basi ipo prazikwanteli ya kulia na prazikwanteli ya kushoto, na kiwandani, njia rahisi ya kuiunda inatoa zote mbili kwa vipimo sawa, kama mashine ya ndara inayotupa jozi bila kuuliza mguu.

Mnyoo ana mguu mmoja. Ile ya kulia ndiyo inayomuua. Ya kushoto karibu haimfanyi kitu. Walioonjeshwa zote mbili wamesema ya kushoto ndiyo chungu zaidi. Dozi ni miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, kwa hiyo mtoto wa kilo 30 anahitaji miligramu 1,200, yaani vidonge viwili vya miligramu 600. Ndani ya vidonge hivyo viwili, kimoja kizima ni mzigo. Ukubwa uliomshinda jirani yangu na uchungu uliompeleka nyuma ya mwembe vilikuwa na chanzo kimoja.

Kwa nini basi isitenganishwe? Kwa sababu kutenganisha ndara za molekuli ni kazi. Haziachani kwa kuchemshwa, maana zinachemka pamoja. Haziachani kwa kuyeyushwa, zinayeyuka pamoja. Njia ya kale ni kuleta mkono wa tatu. Mwaka 1848 Louis Pasteur, kijana wa miaka 25, alikaa Paris na lenzi na kibanio akitenga fuwele za chumvi ya asidi ya tataliki moja moja, zilizoelekea kulia huku, zilizoelekea kushoto kule, na huo ukawa mwanzo wa elimu hii. Asidi ya tataliki tunaijua sote kwa ulimi: ndiyo inayoupa ukwaju uchachu wake. Asidi hiyo nayo ina upande. Ukiichanganya na mchanganyiko wa molekuli za pande mbili, kinachotokea ni kama kupeana mikono: mkono wa kulia ukishika wa kulia unakaa sawa, ukishika wa kushoto unakaa kombo. Jozi iliyokaa sawa inajipanga vizuri, inaganda kuwa fuwele, inazama. Iliyokaa kombo inabaki kwenye maji. Unachuja.

Ndivyo ilivyofanyika hatimaye kwa prazikwanteli. Mkemia Matthew Todd, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Sydney, aliweka daftari la maabara yake wazi kwenye intaneti, kila jaribio, lililofaulu na lililoharibika, akaomba yeyote mwenye ujuzi aseme neno. Watu wa viwandani waliozoea kutenganisha pande za molekuli wakamjibu, wakamwelekeza kwenye jamaa za asidi ya tataliki. Mwaka 2011 njia ya bei nafuu ikachapishwa, na haikuwa mali ya mtu. Mimi naiona kazi ile kuwa miongoni mwa matendo ya kiungwana kabisa katika kemia ya zama hizi.

Lakini bado swali lilikuwa palepale: mguu wa mnyoo uko wapi? Ndara ya kulia inakaa kwenye kitu gani?

Kwa jibu hili sisi watu wa visiwa vya viungo tuna faida, kwa sababu tumelionja kabla hatujalisoma. Chukua bakuli la urojo uliopoa, utie pilipili mbuzi. Ulimi unasema moto, jasho linatoka, na kipimajoto ukikichovya kitakuambia hakuna moto. Kwenye ncha za neva za ulimi kuna vijilango vya protini vilivyokaa ndani ya ukuta wa seli. Kimojawapo kazi yake ni kufunguka joto likizidi. Molekuli ya pilipili, kapsaisini, ina umbo linaloingia kwenye mfuko fulani wa mlango ule na kuufungua bila joto. Chembe zenye chaji, kalsiamu ikiwemo, zinaingia, na neva inapeleka habari ileile ya kuungua. Mnanaa unafanya hivyo kwa mlango mwingine, wa baridi. Karafuu, ambayo kila bibi wa Pemba anajua kuiweka kwenye jino linalouma, inakuchoma kwanza kisha inatia ganzi, na molekuli yake, yujenoli, nayo inagusa milango ya ukoo huu pamoja na mingine. David Julius wa Marekani alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021 kwa kuufumbua mlango wa pilipili, akigawana na Ardem Patapoutian.

Mwaka 2019 kundi la Jonathan Marchant, katika Chuo cha Tiba cha Wisconsin, Marekani, likauona mlango wa mnyoo. Waliuita TRPM-PZQ, na herufi zile nne za mwanzo ni jina la ukoo: ni ukoo ule ule wa mlango wa baridi unaofunguliwa na mnanaa. Prazikwanteli, kwa mnyoo, ni kiungo kikali kuliko vyote. Inaingia kwenye mfuko wa mlango ule, mlango unafunguka, na haufungiki.

Kinachofuata ni suala la kalsiamu. Seli yoyote iliyo hai, yako au ya mnyoo, inajitahidi usiku na mchana kuitoa kalsiamu nje. Nje ipo karibu mara 10,000 kuliko ndani. Kalsiamu kidogo ikiruhusiwa kuingia kwenye msuli, msuli unakaza; ikitolewa, unalegea. Kwa hiyo mlango uliokwama wazi ni mafuriko. Mnyoo akiwa ndani ya sahani ya maabara, ukidondosha dawa, anajikunja na kukakamaa kwa sekunde chache tu, kama mtu aliyebanwa na msuli katikati ya kuogelea. Akiwa mwilini anapoteza mshiko wake kwenye ukuta wa mshipa, anachukuliwa na damu. Wakati huohuo ngozi yake inatoka malengelenge na kupasuka, zile nguo za kuazima zinamvuka, na protini zake halisi zinabaki wazi. Hapo kinga, iliyokuwa ikipita mbele yake miaka yote, inamtambua.

Jambo hili halisemwi vya kutosha: prazikwanteli haimalizi kazi peke yake. Kwenye panya walionyimwa sehemu ya kinga inayotengeneza silaha za damu, dawa ile ile inaua minyoo wachache zaidi. Dawa inamvua mnyoo nguo, mwili unampiga.

Mwaka 2021 kundi lile likauonyesha hadi mfuko wenyewe ambamo dawa inakaa, na likajibu fumbo la miaka mingi. Mnyoo bapa wa ini, Fasciola, anayewasumbua ng'ombe na mbuzi, ni jamaa wa mnyoo wa kichocho, na prazikwanteli haimfanyi kitu. Naye anao mlango. Tofauti iko kwenye tofali moja tu la protini, asidi amino moja kati ya nyingi zinazozunguka mfuko. Watafiti wakalibadilisha tofali lile kwenye maabara, wakaweka la mnyoo wa kichocho, na mlango uliokuwa kiziwi ukaanza kusikia dawa.

Habari hiyo ni njema na ya kutia wasiwasi kwa pamoja. Kama tofali moja linatosha kumfanya mnyoo asiisikie dawa, basi mnyoo wa kwetu naye anaweza kulibadilisha. Tayari miongoni mwa minyoo ya Schistosoma mansoni iliyofugwa maabara imepatikana iliyo sugu, na usugu wao ukafuatiliwa kwenye vinasaba hadi kwenye eneo lenye mlango huohuo. Sisi hatujafika huko. Hata hivyo fikiria tulivyoishi: dawa moja, kwa watu wote, mwaka baada ya mwaka. Katika mradi mkubwa wa ZEST, wa kutokomeza kichocho Zanzibar, ulioendeshwa kati ya 2011 na 2017 kwenye shehia 90, nusu Unguja na nusu Pemba, watu walipewa prazikwanteli mara mbili kwa mwaka. Baadhi ya shehia zikaongezewa dawa ya kuua konokono, nyingine zikaongezewa elimu, mahali salama pa kufulia na vyoo vya kukojolea skulini. Maambukizi yalishuka, na mzigo mzito wa mayai ukawa nadra. Kichocho hakikuisha. Na zile nyongeza mbili, kwa kipimo cha utafiti ule, hazikuonyesha tofauti ya wazi juu ya dawa peke yake. Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri pale Wawi, Chake Chake, iliyofunguliwa mwaka 2000, ilikuwa katikati ya kazi hiyo na bado inaendelea kuwatafuta wagonjwa waliobaki, kijito kwa kijito.

Kwa nini hakikuisha? Sababu nyingine ni za kibinadamu, maana mtu atarudi mtoni kesho kwa kuwa bomba halitoi maji. Lakini kemia nayo ina lake. Prazikwanteli inavunjwa na ini haraka. Baada ya saa moja au moja na nusu, nusu yake imeshakwenda. Na mnyoo mchanga, wa wiki mbili hadi tano hivi, anaistahimili. Mtoto aliyeambukizwa mwezi uliopita akimeza vidonge leo, wakubwa wanakufa, wadogo wanabaki wanakua, na baada ya miezi michache mkojo una damu tena. Mama yake anasema dawa haifai. Dawa inafaa, ila imewakuta wadogo hawajawa wa kuuliwa. Wala haiyagusi mayai yaliyokwisha kunasa; makovu mapya yanaweza kupona yenyewe mayai yakikoma kuongezeka, ya zamani yanabaki.

Hapa ndipo kuujua mlango kunapobadilisha mambo. Zamani wakemia walibadilisha kipande hiki na kile cha prazikwanteli wakipapasa gizani, na kwa miaka 40 hawakupata ndugu yake aliye bora wa kumpeleka kwa wagonjwa. Sasa wanaweza kuuweka mlango wa mnyoo ndani ya seli za maabara, wakamimina maelfu ya molekuli tofauti, na kutazama ipi inaufungua, ipi inaufungua hata tofali likibadilika, ipi inakaa kwenye damu muda mrefu zaidi.

Ipo na njia nyingine, ya dawa ya zamani iitwayo oksamnikwini. Hiyo inaingia kwa mnyoo ikiwa haina sumu, na kimeng'enya cha mnyoo mwenyewe kinaigeuza kuwa sumu. Iliwaua wa tumbo, wa mkojo haikuwaweza, kwa sababu kimeng'enya cha mnyoo wetu kinaishika vibaya. Mwaka 2013 kimeng'enya kile kilitambuliwa na umbo lake likapigwa picha atomi kwa atomi, na tangu hapo watafiti wa Texas wamekuwa wakichonga ndugu wapya wa oksamnikwini wanaokaa kwenye vimeng'enya vya minyoo yote. Dawa mbili zenye njia mbili tofauti zikitolewa pamoja, mnyoo anahitaji mabadiliko mawili kwa wakati mmoja ili apone, na hilo ni gumu mno kwake. Dawa za ukoo wa atimisinini, tunazozijua kwa malaria, zinawaua minyoo wachanga, na kwa karatasi zingekuwa mwenza mzuri. Mimi nisingependa kuziona zikitumika hivyo kwetu: silaha ya malaria haifai kuchezewa kwa mnyoo.

Kilichokwisha kufika mkononi ni kidogo kuliko hayo, na kinanigusa zaidi. Mwaka 2012 uliundwa ushirika wa kutengeneza prazikwanteli ya watoto wadogo. Wakachukua upande wa kulia peke yake, wakaupa jina la arprazikwanteli, wakapunguza uchungu uliobaki, wakatengeneza kidonge kidogo cha miligramu 150 kinachoyeyuka kwenye maji kidogo na kuvumilia joto la kwetu. Majaribio yalifanyika Kenya na Côte d'Ivoire. Desemba 2023 wakala wa dawa wa Ulaya ukatoa maoni ya kuikubali, na Mei 2024 Shirika la Afya Duniani likaiingiza kwenye orodha yake ya dawa zilizohakikiwa. Ni ya watoto wa kuanzia miezi 3 hadi miaka 6.

Kile kijiti cha darasani kilikuwa na alama ya chini kabisa, sentimita 94, na chini yake hapakuandikwa kitu. Mdogo wangu alikuwa hafiki pale. Asubuhi ile ile nilipokuwa natafuna vidonge vyangu, yeye alikuwa kijitoni na mama, amekalishwa kwenye maji mafupi yaliyopata jua, anapigapiga kwa viganja viwili, huku mama akisuuza kanga hatua tatu kutoka kwake.